Maiki Kwenye Masale ya Mpaka

Maiki yenyewe ilikuwa ndogo kama kiberiti. Ilikuwa na vichwa viwili vilivyotazama pande mbili, kimoja kushoto na kingine kulia, kama macho ya kinyonga. Dada aliyenipa aliiweka kiganjani mwangu akanifunga vidole kwa mkono wake, kama anayempa mtoto hela ya sadaka.

"Maiki ya kanisani kwenu ina sikio moja," akasema. "Hii ina mawili, kama wewe. Ukisikiliza kwa hedifoni utajua kitu kimelia upande gani."

Dada huyu ni mtafiti wa ndege. Amepanga chumba Moshi mjini, na kila baada ya siku chache hupanda msituni juu ya Marangu kunasa sauti za alfajiri. Nilimfahamu kwa sababu nilimbebea mizigo siku mbili. Wapagazi wenzangu huongea njia nzima na wageni huwapenda kwa hilo. Mimi sijui kuongea na watu. Maneno hunijia, lakini yanafika wakati wenzangu wameshahamia habari nyingine. Basi siku zile mbili nilibeba na kunyamaza. Tulipoteremka, dada alicheka akasema mimi ndiye mtu wa kwanza ambaye hayumo ndani ya rekodi zake.

Akaniita mjini Jumapili jioni, ndipo akanipa ile maiki, kinasa sauti kidogo cha kuichomekea, na hedifoni.

"Kinasa sauti changu kikubwa kinatosha kituo kimoja tu," akaniambia. "Nikipata maiki ndogo inayofaa, nafungua kituo cha pili huko msituni, na wewe ndiye utakayekaa hapo kusikiliza. Miezi mitatu. Isipofaa, Jumamosi nairudisha dukani, na kituo cha pili hakuna."

Nilitaka kumwuliza kwa nini mimi. Nikauliza, "Niandike?"

"Uandike. Lakini usiniandikie kwamba ni nzuri au mbaya. Hayo nitayaona mwenyewe. Niandikie umesikia nini na kilikuwa upande gani."

Niliishia darasa la saba. Kuandika naweza, ila polepole, na nikiharakishwa herufi zinagongana. Lakini nilipopanda kurudi nyumbani usiku ule nilikuwa nikiwaza msitu tu. Kazi ya kukaa chini ya mti tangu kabla ya jua, bila mtu wa kumchekesha wala kumsimulia habari za mlima, kazi ambayo ukinyamaza ndiyo umeifanya vizuri. Sikujua kama kazi ya namna hiyo ipo duniani. Nikaona maiki ile lazima iwe nzuri.

*

Jumatatu nilianza na vitu vya karibu. Mama alikuwa anatwanga mahindi ya makande. Nikasimama hatua mbili kutoka kinuni, nikanasa. Nikarudi nyuma hatua tano, nikanasa. Kumi. Kumi na tano. Nikafika kwenye migomba.

"Mbona unarudi nyuma kama mtu anayekiogopa kinu?" mama akauliza.

"Naipima."

"Unapima nini? Kinu ni kile kile. Njoo ushike mtwangio, utakijua vizuri zaidi."

Niliposikiliza baadaye, nikaona ajabu ambayo sikuitegemea. Kwa hatua mbili, sikusikia mtwangio tu. Nilisikia mahindi yakiruka na kugonga ukingo wa kinu, na pumzi ya mama kabla ya kila pigo. Nimekaa karibu na kinu kile miaka yangu yote na sikuwahi kuisikia ile pumzi. Nikaandika: hatua mbili, mahindi, pumzi. Hatua kumi, mtwangio peke yake. Hatua kumi na tano, mtwangio na majani ya migomba, majani yameshinda.

Tena nilijifunza kwamba haitaki kushikwa. Ukiishika mkononi, kila kidole kikisogea husikika kama panya darini. Ukiiweka juu ya jiwe, inasikia miguu ya kuku. Na upepo ndio adui yake mkubwa. Upepo mdogo tu, ambao mimi mwenyewe ningeuona wa kupoza chai, kwenye hedifoni ulikuwa kama mtu anayekokota turubai.

Dada alikuwa amesema maiki za wenye kazi huvalishwa manyoya ili upepo usizifikie. Hii haikuja na manyoya. Lakini nyumbani tulikuwa na kipande cha ngozi ya kondoo, mabaki ya aliyechinjwa mwaka uliopita. Nikakiosha kwa sabuni ya unga mara mbili, nikakishona kama soksi, nikaivalisha maiki. Upepo ukanyamaza kabisa. Nilifurahi nikaruka peke yangu nyuma ya nyumba.

Kisha nikasikiliza tena. Kulikuwa na pikipiki inazunguka sikio la kulia, inakwenda la kushoto, inarudi. Nikatazama barabarani, hakuna pikipiki. Ilikuwa inzi. Harufu ya ngozi haikuwa imetoka yote. Nikaiosha mara ya tatu, na mama akaniuliza kama sabuni ile nimeinunua mimi.

*

Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani lenye migomba juu na kahawa chini yake, kimepakana na cha bibi mmoja mjane. Siye bibi yangu wa damu, lakini sina jina jingine la kumwita. Nyumba zetu zimefanana kama zinazotazamana kwenye kioo. Sisi tuna zizi la ng'ombe mmoja upande wa mpaka, na yeye ana zizi la ng'ombe mmoja upande wa mpaka. Sisi tuna kuku, naye ana kuku. Mfongo, mfereji wetu wa maji kutoka mlimani, unapita juu ya nyumba yake kisha juu ya yetu. Katikati yapo masale, mimea ile mirefu yenye majani kama panga, iliyopandwa na babu zetu kuonyesha ardhi ya huyu inaishia wapi na ya yule inaanzia wapi.

Nikafikiri, hapa ndipo pa kuyapima masikio mawili. Maiki ikikaa kwenye masale, itakuwa na nyumba moja kushoto na nyingine kulia. Hakuna mtihani ulio sawa zaidi ya huo.

Jumanne, kabla ya jua, nilichagua isale lenye shina nene, nikaifunga maiki kwa kamba ya mgomba, na ile soksi yake ya kondoo. Niliining'iniza chini ya majani, waya ukiwa juu na vichwa vikiwa chini, ili umande usiidondokee. Nikageuka uso kutazama mlima, kwetu ikawa mkono wangu wa kushoto, kwa bibi mkono wa kulia. Nikawasha, nikaenda kukata majani ya ng'ombe.

Nilifanya hivyo Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Niliporudi na mzigo wa majani niliizima, na baada ya chai nilikaa stoo na daftari, nikasikiliza na kuandika. Saa moja ya sauti ilinichukua saa tatu za kuandika. Lakini sikuchoka. Kulia, ng'ombe anatafuna haraka haraka. Kushoto, ng'ombe anatafuna polepole. Kulia, jogoo. Kushoto, jogoo, kikohozi cha mtu, ndoo. Hondohondo wamepita juu kutoka kulia kwenda kushoto, mabawa yao yana sauti kama mtu anapepeta mahindi kwenye ungo mkubwa.

Jumatano kulikuwa na kitu kizuri kuliko vyote. Upande wa kushoto, karibu sana na yule ng'ombe wa polepole, mtu alikuwa anasema kwa sauti ya chini. Sikushika maneno, ila nilijua ni Kichagga, na ni mwanamke. Alikuwa anasema na ng'ombe. Anasema, ananyamaza, kana kwamba anasubiri jibu, anasema tena. Nikaona ni mama.

"Mama," nikamwambia jioni, "sikujua huwa unaongea na ng'ombe."

"Mimi?"

"Leo asubuhi. Nimekusikia."

"Naongea na ng'ombe nimwambie nini? Ana majibu gani yule?" Akanitazama vizuri. "Hicho kitu kinakuharibu masikio."

Nikafikiri ana aibu. Nikaandika daftarini: kushoto, mama anaongea na ng'ombe.

*

Lakini kulikuwa na jambo ambalo sikuliandika.

Katika rekodi za alfajiri, kabla jogoo hawajaanza, kulikuwa na mvumo mwembamba, sss, kama sufuria inayokaribia kuchemka chumba cha pili. Kwanza nilidhani ni mfongo. Lakini sauti ya mfongo hupanda na kushuka, na mvumo huu haukuyumba, ulikuwa pande zote mbili sawasawa. Nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikaizungushia maiki blanketi mbili na kuifunika kwa debe. Nikanasa ukimya wa stoo. Ule mvumo ukawa pale pale.

Ulikuwa wa maiki yenyewe. Ilikuwa inajisikia.

Kwa kinu, ng'ombe na kuku haukuwa na neno, sauti za karibu ziliufunika. Lakini Alhamisi alfajiri, nikiwa nimesimama na panga langu, nilisikia kwa masikio yangu ndege akilia ng'ambo ya korongo, mbali, mara tatu. Nilipofungua rekodi nikaitafuta ile sehemu. Nilirudia hadi nikapajua kwa sekunde. Ndege hayupo. Mahali pake palikuwa na sss.

Na huko msituni dada anataka nini? Anataka ndege wa mbali. Sauti ya karibu haina haja ya mtafiti.

Niliacha mstari mmoja mtupu kwenye daftari. Nilijiambia nitaujaza nikishakuwa na uhakika, na uhakika nilikuwa nao. Kama ningeuandika, kituo cha pili kisingekuwapo. Kama nisingeuandika, dada angeugundua baada ya kufika msituni, na huenda wakati huo muda wa kuirudisha dukani ungekuwa umepita, nami tayari niko chini ya mti wangu. Nilikaa na wazo hilo na sikulipenda, lakini sikulifukuza.

*

Alhamisi hiyo hiyo mchana mama alirudi kutoka mfongoni na ndoo tupu. Akaiweka chini taratibu, na hiyo kwa mama ni mbaya kuliko kuitupa.

"Bibi hajaniitikia salamu," akasema. "Nimemwamkia mara mbili. Mara ya pili akaniambia nikamwulize mwanangu ameweka nini mpakani."

"Ni maiki."

"Maiki! Umefunga ngozi ya kondoo kwenye isale. Isale la mpaka! Wewe umezaliwa wapi? Ulaya?"

Ndipo nilipoona kwa macho ya mtu mwingine kitu nilichokifanya. Kwetu isale si mmea wa mapambo. Ni alama ya mpaka, na ni alama ya msamaha, mtu aliyekosa huleta jani lake. Na ngozi ya mnyama aliyechinjwa hufungwa kwa mambo mazito, ya viapo na ya ukoo. Mtu akikuta ngozi imefungwa kwenye isale la mpaka wake alfajiri, siku tatu mfululizo, ikitolewa jua likipanda, hawezi kufikiri ni kuzuia upepo. Hata kama ni mzee wa kanisa, hata kama anaimba sauti ya kwanza kila Jumapili. Atafikiri kuna mtu anaapa juu ya ardhi yake.

"Kachume isale," mama akasema. "La ndani, siyo la pale mpakani. Ulifunge fundo uende."

"Twende wote."

"Mimi nimefunga ngozi?"

Nilikwenda na jani mkono mmoja na mfuko wa maiki mkono mwingine. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, anachambua kahawa kwenye jamvi. Nilisema shikamoo. Aliitikia kwa mguno tu. Nilisimama pale na yale maneno niliyoyapanga njiani, na njia ilikuwa fupi mno. Yalikuwa manne, nikasema mawili.

"Bibi, nimekosa."

Nikampa jani kwa mikono miwili. Alilitazama fundo, akalitazama tena, kisha akalipokea na kuliweka kwenye jamvi kando ya kahawa. Jani la isale halikataliwi, hilo nalijua. Lakini mtu anaweza kulipokea na bado akakuacha umesimama. Aliniacha nimesimama mpaka akamaliza konzi nzima ya kahawa.

"Sasa kaa," akasema. "Kinakula nini hicho kitu chako?"

"Betri, bibi."

"Basi ni nafuu kuliko ng'ombe. Na ngozi ya kondoo kimevaa ya nini, kinaona baridi?"

Nikamweleza upepo. Nikamweleza dada, msitu, na masikio mawili. Sijui nilivyoweza kusema yote hayo. Labda kwa sababu hakunitazama, alitazama kahawa yake. Nilipomaliza akajifuta mikono kwenye kanga akasema, "Lete."

Nikamvika hedifoni juu ya kilemba, nikamfungulia Jumatano. Alishtuka, akashika masikio, kisha akatulia. Midomo ilianza kusogea, kisha akacheka peke yake, kicheko cha mtu aliyekutana na ndugu yake sokoni.

"Huyu ni ng'ombe wangu."

"Yupi, bibi?"

"Huyu hapa, wa upande huu." Akagusa sikio la kushoto.

"Huyo ni wetu, bibi. Kushoto ni kwetu."

"Kushoto kwa nani? Ng'ombe wangu anatafuna polepole, anaacha, anavuta pumzi kama mtu aliyechoshwa na mahubiri. Sikiliza. Wa kwenu ndiye huyu mwingine, anakula kama anayechelewa ibada." Akavua sikio moja akanitazama. "Wewe kijana, unamlisha ng'ombe kila siku ya Mungu na hujui anavyotafuna?"

Kweli. Nilikuwa sijui. Ningeweza kusema anakula mizigo mingapi ya majani kwa siku, ningeweza kusema ana mimba ya miezi mingapi, lakini kutafuna kwake sikuwa nakujua. Nilikuwa nimeamini hedifoni.

"Labda wamebadilishana mazizi usiku," bibi akasema, akarudisha hedifoni.

Nikaitoa maiki mfukoni. Nikaivua ngozi. Ubavuni kulikuwa na alama mbili ndogo za kushoto na kulia, nilizokuwa nimezifunika kwa soksi yangu tangu Jumatatu. Nikaishika kama nilivyoifunga kwenye isale, waya juu, vichwa chini, ikitazama mlima. Alama ya kushoto ilikuwa upande wa bibi. Nikaigeuza ikae wima, alama ikarudi upande wetu. Nikaigeuza tena. Ilikuwa kama popo. Popo anayening'inia akitazama mlima, sikio lake la kushoto liko mkono wako wa kulia. Nilikuwa nimemning'iniza popo siku tatu, na siku tatu nikaandika dunia kinyume. Kwetu nikaita kwa bibi, kwa bibi nikaita kwetu. Hondohondo hawakutoka kulia. Na nyumba zetu zilivyofanana, hakuna kilichonishtua.

Nilikuwa bado nimeitazama maiki nilipoona bibi ameshika hedifoni kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Na huyu anayesema," akasema, "ni mimi."

Nikaishusha maiki magotini.

"Umesikia ninavyosema?"

"Maneno hayashikiki, bibi. Nilidhani ni mama."

"Mimi nimeyashika." Akavua hedifoni, akaikunja kwa uangalifu kama miwani. "Mtu ana haki ya kuongea na ng'ombe wake bila kuandikwa. Futa."

Ile ndiyo rekodi niliyokuwa najivunia. Pumzi, kutafuna, sauti ya mtu hatua nne, vyote vimetengana vizuri kiasi cha kuvihesabu. Kama kuna kitu kingemwambia dada kwamba maiki ile inafaa, ni hiyo. Nilibonyeza mbele ya macho yake. Kifaa kikauliza kama nina hakika, nikabonyeza tena.

"Imekwenda?"

"Imekwenda."

"Haya." Akavuta jamvi lake. "Kesho njoo tena, kwa mlango, ubishe hodi kama mtu. Nitakaa kimya. Ng'ombe peke yake ndiye atakayeongea."

*

Ijumaa alfajiri nilibisha hodi. Niliifunga maiki kwenye mti wa uzio wa zizi lake, wima, alama zikionekana, nikakaa hapo hapo na masikio yangu mwenyewe, nikiandika ninachosikia kabla sijaisikiliza. Bibi alikaa kimya kweli, ila alishindwa kujizuia mara moja akamwambia ng'ombe aache kunitazama. Akaniomba radhi kwa ishara ya mkono. Nikamwonyesha kwamba si kitu.

Nilirudi nyumbani nikaandika daftari upya. Siku tatu zote. Sikufuta kulia nikaweka kushoto juu yake, ingekuwa fujo isiyosomeka. Nilianza ukurasa safi, na kule mwanzo nikaandika kwamba maiki ilining'inizwa kichwa chini na kosa ni langu, siyo lake. Pale palipokuwa pameandikwa mama anaongea na ng'ombe, sikuandika kitu. Kalamu ilikwenda tangu saa nne asubuhi hadi mama alipowasha taa. Nilipofika kwenye ule mstari mtupu, sikukaa muda mrefu. Nilikuwa nimekwisha kuona ubaya wa kuandika ninachotaka kiwepo. Nikaandika: ina sauti yake yenyewe, sss, hata stooni ndani ya blanketi. Ndege wa ng'ambo ya korongo, masikio yangu yamemsikia mara tatu, yenyewe haikumsikia.

Jumamosi nikashuka Moshi. Dada alisoma daftari mbele yangu, chumbani kwake, ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka. Alicheka penye inzi. Penye popo akachukua maiki, akaigeuza, akaigeuza tena, akasema hilo limewapata na watu wenye shahada. Alipofika kwenye mstari wa mwisho akavaa hedifoni akasikiliza ukimya wa stoo. Nilisikia saa ya ukutani kwake, na nje mtu anauza maparachichi.

"Hii haifai msituni," akasema.

"Haifai."

"Ulijua ukiniandikia hivi kituo cha pili hakuna?"

"Nilijua."

Akaweka maiki mezani. Hakuniambia pole wala asante. Alikuwa ameshaanza kufikiri kitu kingine, nilimwona. Alifungulia tena ng'ombe wa Ijumaa, akasikiliza hadi mwisho, akarudisha nyuma mahali fulani akanipa hedifoni.

"Huyu ni nani? Hapa, nyuma ya ng'ombe, kulia."

Nilisikiliza. Kulikuwa na sauti ndogo kavu, kama kucha inakwaruza kikapu.

"Ndege mdogo. Anachokoa maganda ya mgomba makavu. Anatafuta wadudu."

"Umeandika?"

Nikamwonyesha. Nilikuwa nimeandika: kulia, ndege mgombani, hatua tatu, simjui.

"Hata mimi simjui," akasema. "Miaka yote napita vihambani kwenu haraka ili nifike msituni." Akaichukua tena maiki mezani. "Kwa vitu vya karibu inasikia vizuri sana hii. Kituo cha pili sikiweki msituni. Nakiweka migombani. Ila siyo kihamba kimoja. Nataka kumi, kuanzia kwenu kwenda juu hadi mwisho wa mashamba. Utaweza?"

Moyo uliruka, kisha ukatua vibaya. Msituni hakuna mwenye nyumba. Vihamba kumi ni nyumba kumi. Ni shikamoo kumi, mbwa kumi, maelezo kumi ya kondoo na upepo, na watu kumi wa kuniuliza mtoto wa nani.

"Nitalazimika kubisha hodi," nikasema.

"Utalazimika."

Nikasema nitaweza. Sikuwa na uhakika, lakini niliona kwamba nataka kumjua yule ndege.

Jumatatu nilipanda hadi nyumba ya kwanza juu ya kwetu. Baba mwenye nyumba alikuwa anageuza mashine ya kumenyea kahawa, mikono imelowa hadi viwiko. Nilibisha hodi, sauti ikatoka ndogo, nikabisha tena. Alisimamisha mashine akaniangalia. Nilimwamkia, nikaitoa maiki nikaiweka wazi kiganjani, bila soksi, aione yote. Nikamweleza ninachotaka. Alisikiliza, akaisogelea akaichungulia kichwa kimoja, kisha kingine.

"Inasikia mpaka wapi?" akauliza.

"Hatua kumi, baba. Zaidi ya hapo majani yanaishinda."

"Mke wangu husikia zaidi ya hapo." Akageukia nyumba akapaza sauti. "Njoo uone mpinzani wako!"

Mlango ukafunguliwa, na watoto watatu wakatoka mbele ya mama yao. Wote wakanizunguka wakitazama mkono wangu, wakaanza kuuliza kwa pamoja, nami nikaanza kujibu swali la yule aliyekuwa karibu zaidi.